Uzi wa tunaosubiri majibu ya PhD na masta za fasihi nje ya nchi (2025)

Mwana Kimara, 11 Februari 2025

Wakuu habari za muda huu. Nimetafuta humu uzi wa watu wa fasihi sijauona, nyuzi zote za ufadhili zimejaa watu wa kompyuta, afya na uhandisi, sisi watu wa riwaya na mashairi ni kama vile huwa hatuombi vyuo, basi nimeona niufungue mwenyewe.

Mimi nimeomba PhD Marekani, idara za fasihi linganishi na moja ya taaluma za Afrika. Madirisha mengi yalifungwa Desemba kati ya tarehe 1 na 15, machache yakasogea mpaka Januari mwanzoni. Tangu hapo kimya. Wanasema majibu yanaanza kudondoka mwisho wa Januari mpaka katikati ya Machi, sasa hapo katikati ndo penye mateso, simu ikilia moyo paa, unaishika unakuta ni mtandao wa simu wanakuambia bando lako linakaribia kwisha.

Halafu kuna suala la saa. Vyuo vya New York, Boston na kule kote tunapishana nao saa nane, kwa hiyo wakimwaga majibu saa kumi na moja jioni yao, kwetu ni saa saba usiku. California ndo balaa kabisa, jioni hiyo hiyo yao kwetu ni saa kumi alfajiri. Ukiniona mchana nimevimba macho usidhani nakunywa.

Nyumbani nao wameshachoka kuuliza. Mama anaamini ni kama yale majina ya kuitwa kwenye usaili Utumishi, kwamba kuna PDF itatoka siku moja na jina lipo au halipo, nikimwambia kila chuo kinajibu siku yake na kingine hakijibu mpaka Aprili ananiangalia hivi anasema "basi sawa baba" kwa ile sauti.

Tuambizane: umeomba wapi kama hujali, umesikia nini, na hali ya roho ikoje.

Kipepeo, 11 Februari

Nipo mkuu. Masta tu mimi, London. Wao hawana siku maalumu, wanajibu faili likifika mkononi mwao, kwa hiyo hata siku ya kuogopa sina, naogopa kila siku.

Msee wa Rongai, 12 Februari

Wasee mambo. Kenya inawakilishwa. Nimeapplai fasihi ya Kiingereza, nyingi ni US. Jibu moja liliingia juzi usiku na ni hapana, ile lugha yao tamu ati mwaka huu waombaji walikuwa wazuri ajabu na nafasi ni kidogo na wananitakia kila la heri. Sawa. Lakini ile dola mia ya fomu, karibu elfu kumi na tatu za Kenya, hiyo haikutakiwa kila la heri, hiyo ilikuwa nusu ya renti ya keja.

Kitu inanichekesha: si ni hapa Nairobi mwaka wa 1968 akina Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba waliandika ile memo ya kutaka idara ya Kiingereza ivunjwe? Na mimi wa hapa hapa nalipa dola niingizwe idara ya Kiingereza. Wazee wakisoma hii mnisamehe.

Mwana Kimara, 12 Februari

Hahaha msee. Pole lakini. Na huku dola mia ni laki mbili na nusu na ushee, mimi sehemu mbili niliandikia idara nikaomba msamaha wa ada wakanipa, wengine hawakujibu hata.

Shomvi, 13 Februari

Nimepita nikaona niseme kidogo, niko mwaka wa nne huku Marekani, fasihi hiyo hiyo.

Wengi mnafikiri ukimya una maana. Faili lako linasomwa na kamati ya maprofesa wachache ambao muhula umeshaanza, wanafundisha, wanasahihisha, wanakaa kikao wiki hii wanaahirisha wiki ijayo, basi. Idara nyingi za fasihi zinachukua watu chini ya kumi kwa mwaka na maombi yanaingia kwa mamia, na hao chini ya kumi lazima wagawanywe, mtu wa zama za kati, mtu wa Shakespeare, mtu wa Karibi, hapo mtu wa Afrika pengine ni mmoja au hakuna kabisa mwaka huo. Kama profesa pekee wa Afrika anastaafu au yuko likizo ya utafiti faili lako linaweza kuwa zuri na bado lisipite, na hakuna atakayekuandikia sababu hiyo.

Kitu cha kukiangalia ni nani anakuandikia. Kukubaliwa mara nyingi kunatoka idarani, imeli ya profesa mwenyewe anayesimamia masomo ya uzamili, imeandikwa kwa jina lako na inataja sampuli yako ya maandishi ilivyowagusa. Kukataliwa kunatoka ofisi kuu ya chuo, unaambiwa tu ingia kwenye akaunti yako kuna taarifa mpya. Na ofisi kuu wanachelewa, wiki kadhaa baada ya idara kumaliza. Kwa hiyo kama mmesikia watu wa chuo fulani wameshaitwa na wewe bado kimya, ama uko orodha ya kusubiri ama ni hapana ambayo haijapigwa mhuri.

Mtihani wa GRE, ule wa kuombea uzamili huku, msiulizie sana. Ule wa fasihi ya Kiingereza ulifutwa 2021 na ule wa jumla idara nyingi za fasihi hazitaki tena. Kinachosomwa ni sampuli ya maandishi na insha ya malengo. GPA zetu za Tanzania ni za kati ya tano, natumaini mliandika hivyo kwenye fomu, maana wao wanahesabu nne, mtu akiona 4.3 bila maelezo anabaki kushangaa.

Na mwaka huu ni mbaya, sitawaficha. Boston University walishatangaza tangu Novemba kwamba hawachukui PhD kwenye karibu dazeni nzima ya fani za sanaa na jamii, Kiingereza imo, historia imo, falsafa imo. Mwezi huu serikali mpya imeanza kukata hela za utafiti wa afya, mtasema sisi na afya wapi na wapi, ila hela za chuo ni chungu kimoja.

Bwana Mkavu, 13 Februari

Samahani wakuu nauliza kwa nia njema kabisa. Hawa wa fasihi ya Kiingereza nawaelewa. Ila mtu wa Kiswahili, mtoto wa Magomeni, anaomba Ujerumani na Marekani na Uingereza akafundishwe Kiswahili, hapo mnanisaidiaje? TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko Mlimani, chuo kikuu cha SUZA kiko Zanzibar, wote wanatoa PhD za Kiswahili. Mnakosa usingizi mnasubiri wageni wawaambie kama mnafaa kusoma lugha ya mama zenu.

Binti Mkunazini, 14 Februari

Bwana Mkavu shekhe wangu, suali lako zuri. Mimi nafanya tenzi za kale, zile za hati za Kiarabu. Hati alizokusanya Taylor kule Mombasa na baadaye Hichens, zote zi London, chuo cha SOAS. Zipo picha kwenye mtandao baadhi yake, lakini hati ya mkono mwenye kuisoma anataka aione karatasi, aone wino ulivyofifia na nani kaongeza neno pembeni. Nikae Unguja nisubiri zije kwa miguu?

Na waandishi wa kwetu wamepita huko huko. Kezilahabi PhD yake ya Wisconsin, Madison, 1985. Said Ahmed Mohamed alisomea Leipzig, akafundisha Bayreuth miaka chungu nzima, na hakuacha hata siku moja kuandika Kiswahili chetu. Kwenda si kuhama.

Bwana Mkavu, 14 Februari

Nashukuru kwa jibu la heshima dada. Sasa na mimi nikuulize, zile hati alizokusanya Allen miaka ya sitini ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tena kuna katalogi yake ilichapishwa 1970. Wangapi kwenye uzi huu wameshaziomba wakazifungua? Maana kila mtu anaijua ya London, ya hapa hapa Ubungo haijui.

Binti Mkunazini, 14 Februari

Mimi nishazifungua. Ndiyo maana najua zipi hazipo.

Mwana Kimara, 14 Februari

Moto umewaka jamani 😂 Ila Mkavu ana hoja, mimi mwenyewe nimepita pale miaka yote ya digrii sikujua. Lakini kuna kitu tukiseme bila aibu, wengi tunaomba nje kwa sababu ya hela. PhD ya Marekani wanakulipia ada na wanakupa ya kujikimu miaka mitano, ukiwa hapa unalipa mwenyewe kwa mshahara wa tempo ya kusahihisha mitihani. Anayepata mkataba wa mwajiri wake kumlipia asome Mlimani na asome kwa raha zake.

Kyalo, 15 Februari

Makerere pia msisahau, ile taasisi ya utafiti wa jamii, MISR, wana PhD ya miaka mitano na wamekuwa wakifadhili watu. Sio fasihi tupu lakini watu wa fasihi wamepita.

Mutu ya Kivu, 17 Februari

Jambo kwenu wote. Mimi niko Goma. Dosie yangu nilituma Desemba, idara ya Kifaransa, Amerika, juu ya riwaya za Kongo. Sasa chuo kimoja wananiandikia wanataka rilevé ya pointi iliyo na mhuri wa université itoke moja kwa moja kwa ofisi. Tangu waasi waliingia mwisho wa mwezi wa kwanza mji uko vile munasikia, banki zimefunga, université imefunga, mwenye mhuri sijui aliko. Mutu wa kunishauri?

Shomvi, 17 Februari

Pole sana kaka, Mungu awalinde huko. Andika idarani leo leo, siyo ofisi kuu, idarani, kwa yule anayesimamia uzamili. Mwambie kwa sentensi chache mji ulivyo na uambatanishe nakala yoyote uliyonayo hata ya picha ya simu. Vyuo vingi huku kusoma faili wanakubali nakala isiyo rasmi, yenye mhuri wanaidai ukishakubaliwa. Na waombe waliokuandikia barua za mapendekezo wathibitishe kwa imeli zao. Usikae kimya ukidhani watajua, wengi hawasomi habari za Goma.

Mutu ya Kivu, 19 Februari

Wamejibu. Wanasema dosie inaendelea kusomwa. Aksanti sana ndugu.

Msee wa Rongai, 25 Februari

Leo ni hapana mbili kwa siku moja. Hiyo ya pili walituma imeli ya kusema kuna taarifa, nikaingia akaunti, nikasahau paswadi, nikajaribu mpaka ikanifungia. Nikakaa dakika thelathini nje ya akaunti yangu nikiomba Mungu na nilikuwa nabembelezea kukataliwa. Nimejiuliza mimi ni mtu wa aina gani.

Shomvi, 25 Februari

Pole msee. Na habari za wiki hii mmeziona? Pittsburgh wamesimamisha kwa muda udahili wa PhD mpaka waelewe hesabu zao, na UPenn idara zimeambiwa zipunguze watu, mpaka wengine waliokuwa wameshadokezwa kwamba wamepita wamerudishiwa hapana. Hapo hakuna sampuli ya maandishi ingesaidia. Nasema hivi kwa sababu najua kuna mtu humu saa hizi anaisoma upya insha yake ya malengo anatafuta sentensi iliyomponza. Funga hilo faili.

Mwana Kimara, 25 Februari

Ni mimi huyo. Nimefunga.

Binti Mkunazini, 5 Machi

Ramadhani njema kwa wanaofunga. Mwezi huu angalau kukesha kuna thawabu. Jana naamka daku nakuta imeli, idara moja wanataka kuzungumza nami kwa Zoom. Sikuandika chochote kwa jamaa zangu mpaka sasa, nawaandikia nyinyi watu nisiowajua sura, angalieni dunia ilivyo. Wanauliza nini hawa?

Shomvi, 5 Machi

Hongera! Siyo idara zote zinafanya usaili, kwa hiyo ukiitwa ujue faili limebaki juu ya meza. Watakuuliza kuhusu sampuli yako, nini ungekifanya zaidi kama ungepata mwaka mwingine. Watakuuliza kwa nini kwao, hapo taja watu na makusanyo yao, usitaje sifa za chuo. Na watataka kujua ungefundisha nini, maana utafundisha. Uwe na swali lako moja la kweli. Kama kwenu umeme hukatika, waambie mwanzoni kwamba unaweza kukatika.

Mdau wa Bayreuth, 6 Machi

Niongezee ya Ujerumani kwa sababu naona watu wanachanganya. Huku kwa PhD kwa kawaida hakuna kusubiri orodha, unamtafuta msimamizi kwanza, unamtumia pendekezo la utafiti, akikubali ndo unaanza kutafuta hela na kujiandikisha. Ada ya masomo Bayreuth hakuna, unalipa mchango mdogo wa muhula. Ila ubalozini wanataka uonyeshe pesa ya kuishi, kama huna ufadhili ni ile akaunti iliyofungwa, euro 11,904 za mwaka mzima ziwemo ndani kabla hujapanda ndege. Kwa hiyo kusubiri kwetu ni kumsubiri mtu mmoja ajibu imeli, halafu kuisubiri DAAD, lile shirika lao la ufadhili wa masomo, na sijui ipi inazeesha zaidi. Kwa watu wa Kiswahili kila mwaka kuna kongamano la Kiswahili hapa, njooni hata kusikiliza, wasimamizi wengi watu wamekutana nao pale kwenye chai.

Mwana Kimara, 10 Machi

Taarifa kwa wanaokesha: jana Wamarekani wamesogeza saa mbele, sasa tunapishana nao saa saba. Saa moja nzima ya usingizi imerudishwa, tumshukuru nani sijui.

Kipepeo, 12 Machi

JAMANI NIMEPATAAAA. London. Masta. Barua ninayo hapa, haina masharti yoyote. Nimelia mpaka dada wa kazi akadhani kuna msiba. Baba mdogo keshafungua grupu la WhatsApp, jina langu na picha ya joho la digrii ya kwanza, michango imeanza 😭😭

Mwana Kimara, 12 Machi

Hongera sana dada!! Uzi umepata mshindi.

Msee wa Rongai, 12 Machi

Wueh! Hongera msupa. Tubebe.

Shomvi, 12 Machi

Hongera kwa dhati. Sasa samahani naomba niwe mtu mbaya wa karamu. Barua hiyo inasema habari za hela?

Kipepeo, 12 Machi

Inasema ada ni kiasi gani na nilipe kiasi cha kushikilia nafasi. Ufadhili nimeomba ule wa chuo bado hawajajibu.

Shomvi, 12 Machi

Basi ngoja tuhesabu pamoja, siyo kukuvunja moyo. Ada ya mgeni kwa masta London ni zaidi ya pauni elfu ishirini. Viza ya mwanafunzi, kwa kanuni ya Januari 2025 wanataka uonyeshe pauni 1,483 kwa kila mwezi ukiwa London, miezi tisa, hiyo ni 13,347, na iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kuguswa. Juu yake ile ada ya afya, 776 kwa mwaka. Hiyo ya kuonyesha tu ni zaidi ya milioni arobaini za kibongo na hujagusa ada. Grupu la baba mdogo litafika wapi?

Kukubaliwa na kufadhiliwa ni vitu viwili. Marekani kwa PhD vinakuja pamoja mara nyingi ndo maana wanakutema kirahisi, hawamchukui wasiyeweza kumlipia. Kwa masta, hasa Uingereza, wanakubali wengi kwa sababu unayelipa ni wewe. Simaanishi hukustahili, nasema barua hiyo ni nusu ya jibu.

Kipepeo, 13 Machi

Sikulala. Shangazi ameshatangaza kanisani.

Dengu, 13 Machi

Dada usisikilize watu wa kukatisha tamaa, Mungu akifungua mlango hafungui nusu. Lipa hiyo ya kushikilia nafasi mengine yatajipa, mimi binamu yangu alienda na mia mbili mfukoni.

Shomvi, 13 Machi

Binamu yako alienda mwaka gani? Ubalozi haupokei imani ndugu yangu, wanapokea taarifa ya benki. Na hela ya kushikilia nafasi mara nyingi hairudi.

Bwana Mkavu, 13 Machi

Mimi mnanijua siyo mshabiki wa safari hizi, lakini kwa hili la mtoto wetu niseme. Usilipe chochote kwanza. Waandikie chuo waulize kama wanaruhusu kuahirisha nafasi mwaka mmoja, vingi vinaruhusu. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti, inalipa masta ya mwaka mmoja yote, ada mpaka tiketi, wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili. Umefanya?

Kipepeo, 13 Machi

Nimefundisha sekondari, inafika na kuzidi.

Bwana Mkavu, 13 Machi

Basi unayo nafasi. Na baba mdogo mwambie ukweli mapema, leo, kabla watu hawajatuma. Hela ya mchango ikishaingia kwenye simu ya mtu inageuka deni hata kama hakuna aliyeiita deni. Mwambie "baba, nimepata nafasi, natafuta mfadhili, mkitaka kunisaidia nisaidieni hela ya mtihani wa Kiingereza na pasipoti." Hiyo familia inaiweza na itafurahi.

Kipepeo, 15 Machi

Nimemwambia. Amenuna siku nzima halafu jioni akabadilisha jina la grupu, sasa linaitwa Maandalizi ya Pasipoti. Asanteni, na Dengu asante pia najua ulikuwa na nia njema.

Mwalimu wa Tabora, 18 Machi

Kuna wa FLTA humu? Hii ya Fulbright ya kwenda kufundisha Kiswahili vyuo vya Marekani miezi tisa. Nilipita usaili, nikapangwa, halafu sasa hela za Fulbright zimesimamishwa huko Washington, hata walioko huko tayari wanasema posho zimechelewa. Nilikuwa naitegemea kama mlango, ukiwa pale unakutana na maprofesa ana kwa ana unaomba PhD ukiwa unajulikana, japo kuna ile sheria ya kurudi nyumbani miaka miwili. Sasa sijui niseme nasubiri au niseme nilikuwa nasubiri.

Shomvi, 18 Machi

Mwalimu wangu nakujibu kwa uaminifu, hata wenyewe waratibu huku hawajui. Usiache kazi ya sasa, usiuze kitu.

Mwana Kimara, 29 Machi

Wiki hii wamenimalizia. Hapana zimekuja mfululizo kama zimepanga foleni, moja tu ndo imesema niko orodha ya kusubiri. Nimeshangaa kwamba hazikuuma kama nilivyoogopa, iliyouma ni ile ambayo jina la profesa nililoliandika kwenye insha lilikuwa mwisho wa barua ya kunikataa.

Swali, orodha ya kusubiri inafanyaje kazi?

Shomvi, 29 Machi

Vyuo vingi huku vimesaini makubaliano kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Kwa hiyo wenye nafasi tatu nne wanazikalia, wanatembelea vyuo mwezi Machi wanapigiwa picha, halafu wiki ya mwisho ndo wanaachia. Wakiachia, idara inapiga simu kwa wa kusubiri. Mengi yanatokea siku mbili za mwisho. Andika imeli moja fupi, sema bado unawataka na kama ni chaguo lako la kwanza sema hivyo, ukiwa na kitu kipya, makala imekubaliwa au nini, kitaje. Moja tu. Ukiwaandikia kila Jumatatu wanakuchoka.

Na wewe mwenye nafasi mbili usiyeitaka moja, iachie mapema. Kuna mtu Kimara halali.

Binti Mkunazini, 1 Aprili

Idi Mubarak. Nimepata, na ya hela, miaka mitano. Siyo siku ya wajinga, barua ya tarehe 28. Kuna chuo kingine kilinikubali pia, nimekiachia leo asubuhi. Mwana Kimara nakuombea kiwe ndicho chako ingawa najua sicho.

Bwana Mkavu, 1 Aprili

Mabruki dada. Katalogi ya hati za London uje nayo likizo, huku tutaiweka.

Msee wa Rongai, 9 Aprili

WASEE. Orodha ya kusubiri imenitoa! Kuna msee mahali ameikataa hiyo nafasi, sijui ni nani, Mungu ampatie watoto wazuri. Ada imelipwa, posho ya mwezi ipo, naanza kufundisha mwaka wa pili. Mathe ameuliza swali moja tu, "na hiyo fasihi wanakulipa ndio usome?" Nikasema ndio. Akasema hao watu wako na shida.

Mwana Kimara, 9 Aprili

Hahahaha mathe ana hekima. Hongera sana kaka, dola mia zimerudi.

Mwana Kimara, 16 Aprili

Usiku wa manane yao ulifika kwetu saa moja asubuhi hii. Mchana wakaniandikia, kidarasa kimejaa, hakuna aliyeachia. Angalau ni profesa mwenyewe kaandika, akasema sampuli ilibishaniwa kikaoni na niombe tena. Sijui kama huwaambia wote hivyo.

Mdau wa Bayreuth nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu lile kongamano. Mkavu na wewe nakuja Mlimani wiki ijayo, unionyeshe huyo anayeshika funguo za hati.

Mdau wa Bayreuth, 16 Aprili

Nimeuona, nakujibu jioni. Andaa pendekezo kurasa tano, sita, usiandike kumi na tano.

Mutu ya Kivu, 22 Aprili

Mimi walinikubali, hela nusu. Niko Bujumbura sasa. Naendelea kuwaandikia juu ya ile nusu ingine.

Tumaini2026, 3 Mei

Wakuu samahani nafukua uzi. Najiandaa na dirisha la Desemba. Je TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, ni lazima kama digrii yangu nimesoma kwa Kiingereza chote?

Shomvi, 4 Mei

Inategemea chuo. Vingine vinakubali barua ya msajili wa chuo chako inayosema lugha ya kufundishia ni Kiingereza, vingine vinataka mtihani hata uwe umezaliwa maktaba. Soma ukurasa wa ofisi kuu ya uzamili, siyo wa idara, halafu kama haieleweki waandikie sasa hivi Mei, Novemba hawajibu mtu. Na barua ya msajili ianze kuifuatilia wiki hii, unajua wenyewe ofisi zetu.